Anataka gari dogo la kusukuma nyuma: Mzazi, msikilize kabla ya kukataa

Ukikaa meza moja na vijana walioanza kupokea mshahara, habari za kiwanja na mahari huwekwa pembeni mara tu likitajwa gari. Na si gari lolote. Kuna kundi, wengi wao wavulana lakini wasichana nao wapo, ambalo haliombi gari refu la kupanda milima wala la kifahari lenye vioo vyeusi. Linaomba gari dogo, jepesi, la bei inayoshikika, lenye gia za mkono na, muhimu kuliko yote, linalosukumwa na matairi ya nyuma.

Mzazi akisikia hayo yote, masikio yake hubaki na neno moja tu: mbio. Papo hapo anamwona mwanawe kitandani hospitalini. Hofu hiyo ina msingi. Katika kazi ya kuandika habari za afya, mimi hukutana na magari pale safari zake zinapoishia, katika wodi za majeruhi, ambako aliyetaka kuokoa dakika 10 barabarani huhesabu miezi akiwa na vyuma mguuni.

Lakini kijana huyo akisikilizwa hadi mwisho, linajitokeza jambo ambalo familia nyingi hulikosa. Gari analoliota lina nguvu kiasi. Gari analoweza kulipata sokoni ndilo lenye nguvu nyingi. Katikati ya hayo mawili ndipo pesa za familia hupotea, na wakati mwingine maisha.

Kusukuma nyuma ni nini?

Magari mengi madogo tunayoyaona mjini, kama Vitz, IST na Passo, huvutwa na matairi ya mbele. Nguvu ya injini inakwenda kwenye matairi yale yale ambayo dereva anayageuza kwa usukani. Ni kama mtu anayesonga ugali huku amebeba mtoto mkono wa pili: kazi inafanyika, lakini kila mkono una mzigo wake.

Kwenye gari la kusukuma nyuma kazi zimegawanywa. Matairi ya mbele yanageuza, ya nyuma yanasukuma. Bajaji unayopanda kwenda sokoni ni mfano mzuri, na Hiace nyingi za abiria pia ziko hivyo. Nguvu hutoka kwenye injini iliyo mbele, inapita kwenye propela, ule mhimili mrefu unaozunguka chini ya sakafu, hadi kwenye difu iliyo katikati ya matairi ya nyuma.

Wapenzi wa magari haya wanasema usukani wake ni mwepesi na "unaongea", yaani dereva anahisi barabara kwenye viganja vyake. Tena uzito umegawanyika vizuri kati ya mbele na nyuma, hivyo kwenye kona gari linageuka kwa utulivu. Raha hiyo, na hapa mzazi atege sikio, haihitaji kilomita 160 kwa saa. Gari likiwa jepesi, kona ya kilomita 50 kwa saa inatosha kumfanya dereva atabasamu.

Baba naye alikuwa nalo

Kabla mzee wa nyumba hajatikisa kichwa, akumbuke gari alilojifunzia au alilopanda akiwa mtoto. Corolla ya miaka ya 1970, ile DX iliyofuata, Datsun, Peugeot 504 na hata Starlet za mwanzo, yote yalikuwa ya kusukuma nyuma. Wakati huo lilikuwa gari la mwalimu, la karani na la daktari wa wilaya.

Ndiyo magari yaliyowafanya watu wa Afrika Mashariki wapange foleni barabarani wakati wa Pasaka kuangalia mbio za Safari Rally. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda na kuishi Kenya, alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun. Yalikuwa magari madogo yaliyotokana na yale yale ya kwendea kazini, yakapita kwenye tope na vumbi na kushinda.

Kwa hiyo kijana anayetamani gari la aina hii hajaleta mila ya kigeni nyumbani. Anatamani kitu ambacho babu yake alikuwa nacho bila kukifikiria.

Lilipotelea wapi?

Mwaka 1959 Uingereza ilitoa Mini, kazi ya mhandisi Alec Issigonis. Injini ililazwa kwa upana na nguvu ikapelekwa kwenye matairi ya mbele. Propela ikaondoka, na ule mwinuko unaopita katikati ya sakafu haukuhitajika kuibeba. Gari dogo likapata nafasi ya watu wanne na mizigo yao. Kwa familia inayobana matumizi hilo lilikuwa jambo kubwa, na watengenezaji wengine wakafuata mmoja baada ya mwingine.

Kwa Toyota mabadiliko yalikuja miaka ya 1980. Mwaka 1983 Corolla nyingi zilihamia matairi ya mbele, na mwaka uliofuata Starlet nayo ikahama. Hata hivyo matoleo mawili yaliachwa na mfumo wa zamani: Corolla Levin na Sprinter Trueno. Msimbo wake kiwandani uliishia na namba 86, na hadi leo vijana wanaliita hivyo tu, "86". Lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi kama 130, na uzito wake haukufika tani moja. Lilitengenezwa hadi 1987, kisha likasahaulika kidogo.

Lililolifufua ni hadithi ya picha. Mwaka 1995 mchoraji wa Kijapani Shuichi Shigeno alianza kuchapisha Initial D, kisa cha kijana anayepeleka tofu alfajiri kwa gari kuukuu la baba yake na, bila kujua, anakuwa dereva hodari wa milimani. Kisa hicho kikawa katuni za televisheni na michezo ya kompyuta, kikafika hadi kwetu. Vijana wengi wanaoitaja 86 hawajawahi kuiona kwa macho.

Wapo waliotamani na wakajibiwa. Mwaka 1979 mwandishi wa magari wa Marekani, Bob Hall, aliwaambia viongozi wa Mazda kwamba watu wanahitaji gari dogo la wazi la kusukuma nyuma, kama yale ya Kiingereza ya zamani. Ilichukua miaka 10. Mwaka 1989 Mazda MX-5 ilizinduliwa mjini Chicago, na mwaka 2016 gari la milioni moja likatoka kiwandani. Mwaka 2012 Toyota na Subaru zilileta gari la pamoja, Toyota 86 na Subaru BRZ, la lita 2 na nguvu za farasi 200. Cha kuvutia ni kwamba lilitoka kiwandani na matairi ya aina iliyofungwa pia kwenye Prius, gari la kubana mafuta. Wahandisi hawakutaka lishike barabara kupita kiasi. Walitaka dereva aisikie raha akiwa kwenye mwendo mdogo.

Wengine wanasubiri hadi leo. Kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo, Nissan ilionyesha IDx mwaka 2013 na Toyota ikaonyesha S-FR mwaka 2015, gari dogo zaidi hata ya 86. Wapenzi walishangilia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofika dukani. Gari la namna hii lina gharama ya kubuniwa kama gari jingine lolote, lakini wanunuzi wake ni wachache. Hata Toyota na Subaru zililazimika kugawana mzigo. Huko Ulaya, sheria mpya za usalama zilifanya toleo jipya, GR86, liuzwe kwa muda mfupi tu.

Kinachofika bandarini

Sasa turudi nyumbani. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Tanzania inaruhusu, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada, ule ambao watu wanauita wa uchakavu. 86 ya zamani imekuwa kitu cha wakusanyaji na bei yake imepanda. MX-5 ina viti viwili tu, na 86 mpya ni ghali kwa mfanyakazi wa kawaida.

Kinachobaki ni magari makubwa ya kusukuma nyuma: Mark II, Mark X, Crown, Brevis na Verossa. Kuna pia Altezza, iliyotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005 na kuchaguliwa gari bora la mwaka nchini Japani ilipotoka. Hilo ndilo lililo karibu zaidi na ndoto ya kijana, lakini hata lile changa kuliko yote limeshapita miaka 20 barabarani.

Chukua mfano wa Mark X, ambayo ilianza mwaka 2004 na kusitishwa 2019. Injini yake ndogo kuliko zote ni ya lita 2.5, silinda sita, yenye nguvu za farasi zaidi ya 200, na gari lina uzito wa karibu tani moja na nusu. Ni gari la starehe, lilibuniwa kwa mtu mzima wa Japani anayesafiri kwenye barabara kuu. Ndani ni kimya. Ukiwa kilomita 120 kwa saa unajiona kama uko 80. Kwa dereva mwenye leseni ya miezi sita, ukimya huo ni mtego.

Hapo ndipo ndoto inapogeuka. Kijana alitaka gari litakalomfundisha kuendesha. Amepata gari linalomficha mwendo wake.

Mwili haujui chapa ya gari

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu.

Shirika hilo pia linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa asilimia 4. Sababu ni ya kimaumbile. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo huongezeka mara nne. Mfupa wa paja, ini na ubongo vina kikomo cha kile vinachoweza kubeba, na kikomo hicho hakijabadilika tangu enzi za babu zetu.

Tuwe wakweli pia kuhusu gari dogo. Wepesi wake ni raha kwenye kona, lakini likikutana na lori la mchanga wepesi huo unageuka udhaifu. Magari ya miaka ya 1980 mengi hayana mifuko ya hewa wala breki za ABS. Kwa hiyo neno "dogo" halitoshi kumlinda mtu. Kinachomlinda ni mwendo, mkanda, breki, matairi na akili yake.

Gari la kusukuma nyuma lina tabia yake, na yeyote atakayelishika lazima aijue. Barabara ikilowa, hasa mvua za kwanza zinapochanganyika na mafuta na vumbi, dereva akikanyaga mafuta kwa pupa kwenye kona, nyuma ya gari inaweza kukimbia na kutaka kupita mbele. Gari la kuvuta mbele likizidiwa, kwa kawaida huenda moja kwa moja bila kukata kona, na dereva asiye mzoefu anapunguza mwendo tu. La nyuma linahitaji mkono uliozoea. Asiyezoea huachia mafuta ghafla na kufunga breki, na hapo ndipo gari huzunguka.

Magari ya kisasa yana mfumo wa kompyuta unaotambua gari linapoanza kuteleza, ukabana breki ya tairi moja moja kulirudisha kwenye mstari. Ulaya imeufanya wa lazima kwa magari yote mapya tangu 2014. Ukiwasha gari, angalia kwenye dashibodi kama inawaka na kuzimika taa yenye picha ya gari lenye alama za kuteleza. Isipowaka kabisa, ama mfumo haupo, ama mtu ameichomoa taa ili kuficha ubovu.

Maswali ya kuulizana mezani

Kukataa moja kwa moja mara nyingi kunazaa gari linalolazwa kwa rafiki. Badala yake, familia ikae na kuulizana haya:

Utaendesha wapi? Kama ni kazini na kurudi, kwenye foleni ya saa mbili, raha ya matairi ya nyuma utaisikia mara ngapi kwa mwezi?

Ni nani atapanda? Kama kuna mtoto mdogo au anatarajiwa, gari la viti viwili halifai kuwa gari pekee la nyumba. Kiti cha mtoto mchanga kinachoangalia nyuma hakitakiwi kabisa kuwekwa mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani mfuko huo ukifumuka unaweza kumuua. Mahali pa mtoto ni kiti cha nyuma.

Bajeti ni ya kununua tu au na ya kutunza? Weka pembeni fedha za matairi manne, breki, shokapu na bushi kabla ya kufikiria rimu na muziki. Tazama namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na bado mpira wake umezeeka.

Ni bima ipi? Bima ndogo inamlipa uliyemgonga. Gari lako na deni la benki vinabaki kwako. Uliza bei ya bima kubwa kabla hujalipia gari.

Limeguswa na nani kabla yako? Kuna wanaokata springi ili gari likae chini, na wanaochomelea difu ili matairi yote mawili ya nyuma yazunguke sawa na gari liserereke kwa urahisi, mchezo wanaouita drifti. Gari la namna hiyo kwenye lami yenye maji ni hatari kwa aliye ndani na kwa mama anayevuka na watoto. Mpeleke fundi mnayemwamini alipandishe juu na kulitazama chini kabla ya kutoa hata senti.

Pa kuipeleka kiu

Kiu ya kuendesha vizuri si ugonjwa, na inaweza kutunzwa. Kenya ina mashindano ya autokrosi yanayofanyika uwanjani chini ya usimamizi, ambako madereva hukimbizana na saa wakiwa na kofia ngumu na mikanda, na hakuna bodaboda wala mwanafunzi njiani. Palipo na klabu ya mbio za magari karibu nanyi, mpelekeni kijana akaangalie. Akianza kwa kujitolea uwanjani na kusaidia gereji, atajifunza mengi kuliko atakayoyapata kwa kukimbizana usiku barabarani.

Mwingine anaweza kuanza na gari dogo la kuvuta mbele lenye gia za mkono. Miaka miwili ya kubadili gia kwa ulaini, kusoma barabara na kufunga breki mapema kabla ya kona itamfaa siku atakapopata lile la ndoto yake. Akiwa na shamba au uwanja binafsi wenye ruhusa, mahali pa wazi pasipo watu, pamoja na mwalimu mzoefu, ndipo pa kujifunza gari linavyoteleza. Barabara ya mtaa si darasa.

Na sheria za nyumbani ziwe chache zinazotekelezeka. Mkanda kwa kila abiria, mbele na nyuma. Shirika la Afya Duniani linasema kwa waliomo ndani ya gari unaweza kupunguza hatari ya kufa kwa hadi asilimia 50. Pombe na ufunguo visikae mfuko mmoja. Usiku wa mvua gari lilale. Mzazi naye azifuate, maana mtoto aliyemwona baba akifunga mkanda pale tu anapomwona trafiki amekwishafundishwa.

Kampuni za magari huenda zisilete tena gari dogo la bei nafuu la kusukuma nyuma, au zikalileta siku ambayo hakuna anayelitarajia, kama ilivyokuwa mwaka 1989. Wakati kijana anasubiri, kuna jambo moja ambalo halihitaji kiwanda cha Japani. Jumapili hii, baada ya chakula, mwombe akueleze kwa nini anapenda matairi ya nyuma. Mwache aeleze mpaka amalize. Kisha mwulize mwendo gani unamtosha kuisikia hiyo raha. Akijibu hamsini, mna mahali pa kuanzia.